Hitilafu au hujuma? Kwa nini mhandisi wa mitambo na mlinzi wa mtandao wanahitaji meza moja

Gridi ya taifa ikianguka, iwe Kenya, Uganda au Tanzania, swali huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp kabla simu hazijaisha chaji: tumedukuliwa? Wapo wanaoapa kuwa ni wadukuzi, wapo wanaosema ni uzembe wa siku zote, na ubishi huendelea mpaka taa zirudi. Swali lenyewe si la kipuuzi. Shida ni kwamba linaulizwa kana kwamba majibu ni mawili yasiyojuana, na hata ndani ya mashirika yanayoendesha mitambo mikubwa huulizwa hivyo hivyo. Hitilafu hupelekwa kwa mhandisi, udukuzi hupelekwa kwa mtu wa TEHAMA, na kila mmoja ana ofisi yake, bosi wake na bajeti yake.

Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, kwenye mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima, mashine nyingine zikaelemewa, zaidi ya megawati 180 zikapotea kwa mkupuo, na Kenya nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Tumbili alipona. Miezi sita kabla ya hapo, tarehe 23 Desemba 2015, waendeshaji wa mitambo katika kampuni za kusambaza umeme nchini Ukraine walitazama kishale cha kipanya kikitembea chenyewe kwenye skrini na kufungua swichi za vituo, yaani kuukata umeme, kimoja baada ya kingine. Wateja wapatao 225,000 walikosa umeme. Tumbili hakuwa na nia yoyote, wale wengine walikuwa wamejiandaa kwa miezi. Kwa mgonjwa anayepumua kwa mashine, giza la kwanza na la pili halina tofauti.

Tukubaliane maneno kwanza. Nikisema usalama, namaanisha kazi ya kuhakikisha mtambo hauui wala kujeruhi watu, na hauharibu mazingira, kwa sababu ya kitu kuchakaa, kusahauliwa au kubuniwa vibaya. Nikisema ulinzi, namaanisha kazi ya kumzuia mtu mwenye nia mbaya asizifikie kompyuta, programu na mawasiliano yanayouendesha mtambo huo. Na nikisema mfumo, nahesabu vyote kwa pamoja: pampu, vali, sensa, programu, mwendeshaji wa zamu ya usiku na hata daftari la zamu.

Kwetu usalama kazini mara nyingi huishia kwenye kofia ngumu, buti na kizibao cha kung'aa. Hivyo ni muhimu, ila humkinga mtu mmoja. Usalama wa mfumo huanzia mbali zaidi: presha ikipanda kwenye tangi hili, nani atajua, nini kitafunga vali, na je, kama hicho kitakachofunga vali kimeharibika?

Nondo madirishani

Mgongano wa kazi hizi mbili unaonekana vizuri zaidi kwenye dirisha la nyumba. Nyumba nyingi za mijini zina nondo madirishani, geti la chuma mlangoni na kufuli linalofungwa usiku. Mwizi haingii. Lakini moto ukianzia jikoni saa nane usiku na aliyelala na ufunguo hajulikani yuko chumba gani, nondo zilizomzuia mwizi ndizo zitakazowazuia wenye nyumba. Wala hazijaharibika. Zinafanya kazi yake barabara, na hapo ndipo hatari ilipo.

Haya yametokea. Machi 2001, bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, liliteketea na wanafunzi 67 wakafa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya mwaka 2008 unataka madirisha ya mabweni yasiwe na nondo, milango ifungukie nje, na isikomewe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani. Wezi hawakuisha mwaka huo. Aliyeandika mwongozo alilazimika kujiuliza maswali mawili kwa wakati mmoja: nani anaweza kuingia, na nani atahitaji kutoka?

Jibu si lazima liwe kuacha nyumba wazi. Fundi wa kuchomelea anaweza kuweka nondo zenye bawaba, zinazofunguka kutoka ndani bila ufunguo. Ila atazitengeneza hivyo iwapo tu anayeogopa moto na anayeogopa mwizi wamemwelekeza pamoja kabla hajakata chuma. Akishamaliza kuchomelea, kila badiliko ni gharama, na kwa kawaida halifanywi.

Kwenye mitambo ya kisasa mkasa huu huwa na sura ya kompyuta, lakini mfano ulio wazi kuliko yote bado ni mlango. Baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001, milango ya vyumba vya marubani iliimarishwa ili mtekaji asiweze kuivunja. Kwenye Airbus A320 mhudumu aliye nje anaweza kubonyeza namba ya dharura, na kama hakuna anayejibu ndani, mlango unafunguka wenyewe baada ya sekunde chache. Hiyo ni hatua ya usalama: rubani akizimia, afikiwe. Lakini aliye ndani naye ana swichi ya kuizuia namba hiyo kwa dakika kadhaa. Hiyo ni hatua ya ulinzi: mtekaji akimtesa mhudumu mpaka aitaje namba, isimsaidie.

Tarehe 24 Machi 2015, kwenye ndege ya Germanwings iliyotoka Barcelona kwenda Düsseldorf, kapteni alitoka chumbani na rubani msaidizi akabaki peke yake. Alifunga mlango na kuishusha ndege kwa makusudi. Kapteni aligonga, akaita, akajaribu kuuvunja. Mlango haukuvunjika, kwa sababu ulitengenezwa usivunjike. Watu wote 150 walikufa kwenye milima ya Alps, Ufaransa. Mlango ulikuwa umepimwa kwa adui wa nje tu. Baadaye mamlaka ya usafiri wa anga ya Ulaya ilishauri pawe na watu wawili chumbani muda wote, kisha mwaka uliofuata ikaulegeza ushauri huo na kuziachia kampuni zipime zenyewe, maana hata watu wawili wana hatari zake. Hakuna fomula ya kumaliza mvutano wa aina hii. Kilichopo ni kuupima wazi, mezani, wahusika wote wakiwepo.

Hesabu inayovunjika

Kwa nini basi wataalamu hawa wamekaa mbali kwa miaka mingi? Si kiburi tu, ingawa kiburi kipo. Wanahesabu hatari kwa njia tofauti kabisa.

Mhandisi wa usalama anaishi kwenye uwezekano. Kama uwezekano wa kifaa kimoja kushindwa ni 1 kati ya 1,000, na kifaa cha pili hakishindwi kwa sababu ile ile, uwezekano wa vyote viwili kushindwa pamoja ni 1 kati ya 1,000,000. Ongeza cha tatu na utalala usingizi mzuri. Ndiyo maana mitambo ya hatari huwekewa vitu viwiliviwili au vitatuvitatu. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61508, ambacho kwenye viwanda vya aina hii ni kama msahafu, hupanga vifaa vya usalama kwa madaraja manne. Kifaa cha daraja la tatu kinachohitajika kwa nadra hutarajiwa kushindwa chini ya mara moja katika kila mara 1,000 kitakapohitajika.

Hesabu hiyo ni sahihi mradi adui yako awe kutu, joto na bahati mbaya. Mdukuzi hategemei bahati. Akipata njia ya kubadilisha programu kwenye kifaa kimoja, anaibadilisha kwenye vyote vitatu, na vyote vitatu vitakubaliana kwa kauli moja kwamba mambo ni shwari. Ile 1 kati ya 1,000,000 inayeyuka. Cheti cha usalama kinaendelea kuning'inia ukutani, lakini sharti lililokifanya kiwe kweli halipo tena.

Ushahidi wake ulitokea mwaka 2017 kwenye kiwanda cha petrokemikali nchini Saudi Arabia. Kiwanda kama hicho kina kompyuta za aina mbili. Za kwanza huendesha kazi za kila siku: kuongeza joto hapa, kupunguza mtiririko pale. Za pili hukaa kimya zikitazama. Joto au presha ikipita kikomo, zenyewe hufunga vali na kuzima vichomeo bila kumsubiri mtu. Ni ngome ya mwisho kabla ya mlipuko au gesi ya sumu. Kontrola, yaani kompyuta, za ngome hiyo zilikuwa za chapa ya Triconex, zenye prosesa tatu zinazofanya hesabu moja kwa pamoja kisha kupiga kura: mbili zikikubaliana, uamuzi wao unafuatwa.

Mwezi Juni sehemu ya kiwanda ilizima ghafla. Ilichukuliwa kuwa hitilafu ya kawaida na kazi ikaendelea. Tarehe 4 Agosti kikazima tena, safari hii kontrola kadhaa kwa pamoja, na ndipo wachunguzi wakakuta programu ngeni ambayo baadaye ilipewa jina Triton. Wadukuzi walikuwa wamefika kwenye ngome yenyewe. Hawakutafuta data wala fidia. Walikuwa wanajipa uwezo wa kuinyamazisha siku watakayotaka. Kilichowaumbua ni kosa kwenye kazi yao: prosesa tatu zilitofautiana kwenye ukaguzi wa ndani, kontrola ikaacha kujiamini, ikafanya kile ilichofundishwa kufanya ikiwa na shaka, yaani kuzima. Ubunifu wa watu wa usalama ndio uliofichua kilichowapita watu wa ulinzi. Marekani iliiwekea vikwazo taasisi moja ya utafiti ya Moscow mwaka 2020 kwa kuihusisha na shambulio hilo, na mwaka 2022 ikaweka hadharani mashtaka dhidi ya mfanyakazi wake mmoja.

Kuna kitu kidogo kwenye kisa hicho ambacho nadhani kinafundisha kuliko jina la mdukuzi yeyote. Kontrola ile ina ufunguo wa kawaida wa kuzungushwa kwa mkono, uliochomekwa usoni pake. Ukiwa kwenye nafasi ya kuendesha, programu haiwezi kubadilishwa kutoka kwenye mtandao. Ukiwa kwenye nafasi ya kuandikia programu, inaweza. Mwongozo wa mtengenezaji ulikuwa wazi: ufunguo ukae kwenye kuendesha isipokuwa wakati wa kazi maalumu. Ulikuwa umeachwa kwenye kuandikia. Mazoea ya namna hiyo yapo viwanda vingi, kwa sababu humwondolea fundi safari ya kwenda kwenye kabati kila anapotaka kurekebisha kitu. Kwa mtu wa usalama, ufunguo ni jambo la utaratibu wa matengenezo. Kwa mtu wa ulinzi aliyekaa ofisini akitazama mtandao, ufunguo hauonekani kabisa. Kikawa kitu kisicho na mwenyewe.

Dawa inayoweza kudhuru

Baadhi ya imani zinazosambaa kuhusu mambo haya zina ukweli nusu, na nusu ndiyo inayoponza.

Inayosikika zaidi ni kwamba mitambo isiyounganishwa na intaneti haiwezi kudukuliwa. Kiwanda cha kurutubisha urani cha Natanz, Iran, hakikuwa kimeunganishwa. Programu ya Stuxnet, iliyogunduliwa mwaka 2010, ilikuwa na uwezo wa kusafiri kwa flashi, ikabadilisha kasi ya mashine za kuzungusha gesi mpaka zikaharibika, huku ikiwaonyesha waendeshaji namba za siku ya kawaida zilizorekodiwa kabla. Na kwenye wilaya ya Maroochy, Australia, mwaka 2000, aliyeshambulia alitumia redio. Alikuwa amefanya kazi kwa mkandarasi aliyefunga mitambo ya majitaka, akaomba kazi halmashauri, akakataliwa. Kwa laptopu na redio aliamuru pampu zisimame, na lita zipatazo 800,000 za majitaka zikamwagika kwenye bustani, vijito na uwanja wa hoteli. Kwa wiki kadhaa mafundi waliamini ni vifaa vibovu. 

Imani nyingine ni kwamba kuongeza ulinzi hakujawahi kumuumiza mtu. Tarehe 19 Julai 2024 programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike ilipokea sasisho lenye kosa, na kompyuta milioni 8.5 za Windows, kwa makadirio ya Microsoft, zikazima duniani kote. Ndege zilibaki ardhini, hospitali ziliahirisha upasuaji. Hapakuwa na mdukuzi hata mmoja. Mlinzi mwenyewe ndiye aliyeangukia mlangoni.

Hapa pana tofauti nyingine ya tabia. Mtu wa ulinzi anataka programu isasishwe leo, kwa sababu tundu la programu lililotangazwa jana litatafutwa na wadukuzi kesho. Mtu wa usalama anaogopa kugusa mtambo uliothibitishwa, kwa sababu kila badiliko linahitaji kupimwa upya. Wote wana haki. Agosti 2017 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani ilitangaza sasisho kwa vifaa vipatavyo 465,000 vya kurekebisha mapigo ya moyo vya kampuni ya Abbott, baada ya kuonekana kwamba mtu aliye karibu angeweza kuvivuruga bila waya. Vifaa hivyo vilikuwa vimo ndani ya vifua vya watu. Sasisho lilichukua kama dakika tatu, kliniki, mbele ya mtaalamu, na lilikuwa na uwezekano mdogo sana, lakini si sifuri, wa kukiharibu kifaa. Kwa hiyo wagonjwa hawakuambiwa tu wasasishe, waliambiwa wazungumze na daktari wao. Mgonjwa ambaye moyo wake hautapiga bila kifaa hicho na mgonjwa anayekihitaji mara chache hawapimi hatari kwa mizani moja. Naona ule ulikuwa uamuzi wa kiungwana: hatari mbili ziliwekwa wazi mbele ya anayezibeba.

Ya tatu husemwa na wahandisi wenyewe: mtambo ukiwa na shaka uzime, na ukizima tuko salama. Kwa treni ni kweli kiasi. Kwa ndege iliyo angani au mashine ya kupumulia si kweli hata kidogo. Na hata kwa treni kuna mtego. Agosti 2023, kaskazini-magharibi mwa Poland, treni zipatazo 20 zilisimama baada ya mtu kutuma kwa redio mlio wa amri ya kusimama kwa dharura. Mfumo ule wa zamani unamruhusu yeyote aliyeona hatari kuisimamisha treni, kwa hiyo hauombi nenosiri. Hakuna aliyeumia, mfumo ulifanya kazi yake, na hiyo ndiyo ilikuwa silaha ya mshambuliaji. Ukiuwekea vizuizi vizito, siku ya hatari ya kweli dereva anaweza kuchelewa kusimama.

Meza moja inafananaje

Mtu anaweza kusema basi tuziunganishe idara, tuwe na mkurugenzi mmoja, tumemaliza. Sidhani. Fani hizi zina desturi ambazo kila moja inazihitaji. Usafiri wa anga umekuwa salama kwa sababu ajali huchunguzwa na ripoti huchapishwa ili kila shirika lijifunze. Ulinzi wa mtandao hufanya karibu kinyume: tundu huwekwa siri mpaka dawa yake ipatikane, maana kulitangaza mapema ni kumwelekeza mwizi. Ukimgeuza mhandisi wa usalama kuwa msiri, umeua ubora wake. Ukimlazimisha mtu wa ulinzi kutangaza kila anachokijua, umemfungulia adui. Waache wawe wawili, lakini washirikiane katika mambo machache yasiyo na njia ya mkato.

Kubwa kuliko yote ni kuanza na madhara. Kuorodhesha vifaa na virusi kunakuja baadaye. Nancy Leveson wa chuo cha MIT, Marekani, pamoja na William Young, wamependekeza njia inayowafaa wote wawili, na mtu anaweza kuielewa bila shahada. Chukua kituo cha kusafisha maji. Madhara tusiyoyataka: watu kunywa maji yenye klorini nyingi mno, au kunywa maji yasiyotibiwa. Amri inayohusika ni ile inayoiendesha pampu ya klorini. Amri yoyote inaweza kuleta balaa kwa namna nne: isipotolewa inapohitajika, ikitolewa isipohitajika, ikija mapema au ikichelewa, ikikatishwa mapema au ikiachwa kwa muda mrefu kupita kiasi. Sasa kwa kila moja jiulize ingetokeaje. Labda sensa imeziba kwa tope. Labda mwendeshaji amesoma vibaya. Labda programu ina kosa. Labda mtu ameingia kwa nenosiri la mkandarasi aliyeondoka mwaka jana. Zote ziko kwenye orodha moja, na anayezijadili halazimiki kwanza kuamua kama adui ni tope au ni mtu.

Faida ya kufanya hivyo huonekana kwenye suluhisho. Mtu wa ulinzi akiwa peke yake atapendekeza nenosiri gumu zaidi. Mhandisi akiwepo atasema: kwa nini tumenunua pampu inayoweza kusukuma klorini mara ishirini ya tunayohitaji? Tununue ndogo. Pampu ndogo haiwezi kutoa dozi ya hatari hata ikiamriwa na shetani. Vali inayofunguka kwa springi presha ikipanda haina programu, kwa hiyo hakuna wa kuidukua. Ukraine walirudisha umeme ndani ya saa chache kwa sababu mafundi waliweza kwenda vituoni na kurudisha swichi kwa mikono. Ulinzi bora wa mtandao wakati mwingine ni kipande cha chuma, na watu wa kompyuta hawakifikirii kwa sababu hakimo kwenye fani yao.

Jambo la pili ni nani mwenye kauli ya mwisho pande zikivutana. Viwango vya ulinzi wa mitambo vya IEC 62443 vinasema hatua za ulinzi zisizuie kazi za msingi za mtambo, na usalama umo humo. Kwa lugha ya kawaida: skrini ya muuguzi isijifunge kwa nenosiri wakati mgonjwa anakata roho, na kitufe cha kuzima mtambo kwa dharura kisingoje mtu athibitishwe. Lakini kanuni ya jumla haitoshi. Lazima awepo mtu mmoja, mwenye cheo cha kutosha, anayeweka saini kwamba hatari hii tumeichukua kwa sababu hii, na saini yake iwepo kabla ya usiku wa tukio. Lile suala la ufunguo lingeishia hapo: lingekuwa na jina la mtu.

Kuhusu mabadiliko sitasema mengi. Sasisho lolote la programu lipite machoni pa mtu wa usalama, na badiliko lolote la mtambo, hata kuongeza sensa isiyo na waya, lipite machoni pa mtu wa ulinzi. Ni saini mbili kwenye fomu moja.

Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wake, kwa sababu tunajenga sasa hivi. Tanzania imewasha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, na mwaka 2024 ikaanzisha safari za treni ya umeme ya SGR kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Miradi ya namna hii ni chuma na saruji ukiitazama kwa mbali, lakini ndani ni programu. Na sheria zetu nazo zimekaa kwenye makabati mawili. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kenya ina za kwake za 2007 na 2018. Zinasimamiwa na ofisi tofauti, na mkaguzi wa boila na mpelelezi wa mtandao hawana sababu ya kukutana. Shirika likingoja sheria iwakutanishe, litangoja sana.

Mahali pa kuanzia ni mkataba wa ununuzi. Mitambo mingi huja na mkandarasi anayebaki na njia ya kuingia kwa mbali ili afanye matengenezo. Njia hiyo ni ya lazima mara nyingi, maana mtaalamu yuko bara jingine. Basi iandikwe kwenye mkataba: inafunguliwa na nani, kwa muda gani, nani anatazama ikiwa wazi, na inafungwa lini baada ya dhamana kuisha. Ukiuliza baada ya makabidhiano, utajibiwa kwamba ni huduma ya ziada yenye bei yake.

Na siku mtambo utakapozima bila maelezo, shinikizo la kwanza litakuwa kuuwasha. Wateja wanalalamika, waziri anapiga simu, kila saa ni hasara. Utaratibu wa kuwasha upya uwe na hatua moja kabla ya zote, ya dakika chache tu: fundi anakili kumbukumbu za kontrola, anapiga picha skrini na mahali ufunguo ulipo, kisha anawaita watu wawili, wa usalama na wa ulinzi. Baadhi ya kontrola hupoteza kumbukumbu zake umeme ukikatwa, na zikishapotea hakuna atakayejua kama ilikuwa tumbili au mtu.